Mrejesho: Ile alama ya X ukutani

Wakuu, niliuliza kama nifute ile X ya rangi ya kupuliza kwenye ukuta wa nyumba tuliyonunua huku New Orleans, Marekani. Wengi mlisema futa, nuksi hiyo!

Bibi jirani ndiye aliyenisomea. Waliichora waokoaji wa kimbunga Katrina, 2005, kingo za mifereji zilipobomoka na maji yakafunika takriban asilimia 80 ya jiji. Juu tarehe, kushoto kikosi, kulia hatari za ndani, chini idadi ya waliokutwa, wazima na maiti. Yetu imeandikwa sifuri, nikashusha pumzi. Wapo waliotengenezesha ya chuma wakaitundika palepale.

Basi fundi kapaka ukuta wote, hapo karuka. Mke wangu bado ananuna.