Ukoo wa Bibi Mwamvua, Ujiji

Zuhura: Assalaam alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Tuko hospitali Dodoma, ndugu yangu Shabani kaamka salama, kanywa uji. Majibu ya damu iliyopelekwa nje yamerudi. Kumbe si presha iliyoua figo zake, presha imekuja baadaye. Ugonjwa unaitwa Fabry. Ni wa kurithi, na umetoka upande wa mama.

Mama Mdogo Tatu: Waalaykum salaam mwanangu. Ndiyo ugonjwa gani huo? Kwetu hatujausikia.

Zuhura: Mama mdogo, ni jina la daktari wa Ujerumani aliyeuandika mwaka 1898. Mwili unakosa kimeng'enya cha kuvunja mafuta ya aina fulani. Yasipovunjwa yanajilundika ndani ya seli, kidogo kidogo tangu utotoni: kwenye moyo, kwenye mishipa ya fahamu, kwenye vichujio vya figo. Vichujio vinapata makovu, protini inapita kwenye mkojo. Ndiyo lile povu alilokuwa akilisema tangu ana miaka 20, tukamwambia anywe maji mengi.

Mnakumbuka alivyokuwa mdogo? Jua kali tukitoka shule anakimbilia ziwani Kibirizi, anasimama maji ya magoti, analia miguu inawaka moto. Mpira hawezi, jasho halimtoki. Tukamwita mvivu. Daktari kamwuliza hayo hayo, kisha akamwambia afungue shati, akatazama chini ya kitovu vile vidoa vyekundu tulivyosema ni vipele vya joto. Nililia pale pale.

Mjomba Athumani: Zuhura, mimi ndiye niliyemwosha marehemu Idi, baba yake Asha. Vidoa hivyo alikuwa navyo kiunoni mpaka mapajani. Naye alikufa kwa figo. Tulisema karogwa, tukamnunia jirani miaka yote hii.

Asha: Dada, kwa hiyo baba alikuwa nao. Na sisi wanawe?

Zuhura: Nakupigia mdogo wangu, pokea.

Asha: Nimeongea na dada. Niandike mimi, wote mjue. Baba mwenye ugonjwa huu huwapa binti zake wote, wa kiume hampi hata mmoja. Kwa hiyo mimi na Mwajuma tumerithi, Rashidi hapana. Mama akiwa nao, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu, wa kike na wa kiume.

Mama Mdogo Tatu: Inna lillahi. Mtaugua kama Shabani?

Zuhura: Si lazima, mama mdogo. Wanawake wengi huchelewa au huugua kidogo, ila wapo wanaofika kwenye figo na moyo. Na kwetu wanawake kimeng'enya kinaweza kuonekana sawa kwenye damu, kwa hiyo ni mpaka kipimo cha jeni. Mkojo na kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, ndivyo vya kuanzia, hospitali ya Maweni vinapimwa.

Rashidi: Mimi nilisema natoa figo. Neno langu ni lile lile.

Zuhura: Allah akulipe binamu. Mimi niliyekuwa wa kwanza kujitolea wamenisimamisha mpaka jeni ijulikane. Wewe wanataka kukupima. Figo ya mtu mzima wa afya ina kimeng'enya chake, mafuta hayaiharibu tena. Moyo ndio wataendelea kuutazama. Dawa yenyewe ipo, ni dripu kila wiki mbili maisha yote, bei yake hatuiwezi. Daktari anatuandikia maombi. Kwa sasa ni vidonge vya presha vinavyopunguza protini, na mashine ya kusafisha damu.

Mjomba Athumani: Jumatatu saa moja asubuhi nawachukua wote kwa gari langu. Tatu, na wewe upimwe.

Asha: Mjomba, nije na mwanangu Yusufu? Ana miaka 8. Akipata homa anatumbukiza miguu kwenye ndoo ya maji, hatoki. Juzi nilimchapa kwa kumwaga maji ndani.

Zuhura: Njoo naye. Leo muachie ndoo yake, Asha.