MJADALA: Tukikaa na mbunge, kofia ya abiria iwe hoja yetu au tuinyamazie?

Mtoa mada, dereva wa bodaboda, Mtwara mjini

Wadau, habari za asubuhi. Kijiweni kwetu tumekubaliana kumwona mbunge kabla hajarudi Dodoma kwenye vikao. Madai yameshaandikwa. Trafiki asimchomolee dereva ufunguo pikipiki ikiwa inatembea. Pikipiki isilale kituo cha polisi kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu. Pembeni mwa barabara ya Mikindani papanuliwe, maana malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kuja bandarini yakikupita pale mlimani unabaki na nafasi ya kiganja. Yote hayo nayaunga mkono.

Tuliposhindwana ni hapa. Wenzangu wamefuta mstari wangu mmoja: kila pikipiki ya biashara iwe na kofia mbili nzima, na dereva awe na haki ya kumkataa abiria asiyetaka kuvaa. Wanasema tukilitaja hilo tunampa trafiki fimbo ya kutuchapia.

Mimi nasema Bunge linasikia. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973, enzi ambayo bodaboda haikuwepo, na kanuni za pikipiki za abiria zimekuja 2010. Miaka yote hiyo tulilia kwamba faini ya shilingi 30,000 inatuua, tunalipa sawa na basi la abiria sitini. Bajeti ya 2021 ikaishusha kwetu na kwa bajaji hadi 10,000. Tumesikilizwa. Sasa tukirudi na orodha ya kupewa tu, bila hata mstari mmoja unaomlinda mtu tunayempakia, tunaonekana watu gani?

Niwaambie kofia yangu ya abiria ilivyo. Niliikuta kwenye pikipiki nilipoichukua kwa mkataba. Kioo hakuna. Sponji limeliwa, limebaki unga mweusi unaoganda kwenye paji la uso. Kifungo cha kidevuni kilikatika, nikafunga kipande cha tyubu. Mwezi uliopita nilimpakia mama mmoja Magomeni, akaipokea, akaigeuza, akainusa, akaipakata mpaka Ligula. Hakusema neno. Nilipomshusha alinirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, na aibu ile sijaisahau.

Dereva, Masasi

Kaka, nakuheshimu, lakini hilo ni wazo la mjini. Huku msimu wa korosho ukifunguka Oktoba, mtu anatoka kijijini na gunia lake kwenda ghalani, mgongoni ana mtoto. Ukimwambia avae kofia anaita mwingine, na yule mwingine hana hata leseni, kaja kuvuna msimu tu. Hesabu ninayompelekea bosi kila siku hainisubiri. Haki ya kumkataa abiria ni haki ya kulala njaa. Kama mnataka kofia, basi faini ya abiria asiyevaa alipe abiria mwenyewe. Hapo tutaelewana.

Kijana, Lindi

Wenye pikipiki Marekani walijipanga, wakawabana wabunge wao mpaka 1976 Bunge lao likaondoa adhabu kwa majimbo yasiyokuwa na sheria ya kofia. Hoja yao ilikuwa moja: kichwa ni changu, uamuzi ni wangu. Sisi kwa nini twende kuomba tuongezewe amri? Mtu mzima anajua hatari yake.

Muuguzi mstaafu, Lindi

Mwanangu, hadithi hiyo imalizie. Majimbo mengi yaliyolegeza sheria yaliona vifo vya waendesha pikipiki vikipanda. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kofia inapunguza vifo kwa kama asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa kama asilimia 69.

Nilipokuwa kazini, majeruhi wa kichwa aliyehitaji upasuaji mkubwa tulimpandisha gari kwenda Dar es Salaam. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Nimesindikiza. Unashika dripu kwa mkono mmoja, kwa mwingine unazuia kichwa kisiyumbe kwenye mashimo, na ndugu yake anakuuliza kila mji mnaopita kama bado anapumua. Siwezi kuwaambia zaidi ya hapo.

Abiria, Mikindani

Naomba niseme kwa niaba ya akina mama. Hatukatai kofia kwa ukaidi. Mimi navaa hijabu, na kofia imeshapita vichwa vya soko zima tangu alfajiri. Nimesuka, na siogopi nywele kuharibika kama ninavyoogopa mapunye. Leteni kofia safi na kile kikofia chepesi cha kitambaa cha kuvaa ndani, uone kama nitaipakata. Na mkiwa huko kwa mbunge, semeni pia habari ya mishikaki. Watoto wanne wa shule kwenye pikipiki moja, asubuhi, nawaona kila siku na moyo unanidunda.

Mtoa mada

Shikamoo mama muuguzi, nimesoma mara mbili.

Mdogo wangu wa Lindi, wale wa Marekani wengi wanaendesha chombo chao, kichwa ni chao. Sisi nyuma yetu kuna mama wa mtu. Nikisema "kichwa ni changu" kuna kichwa cha pili sijakiuliza.

Wa Masasi, umenibana, na hoja yako naichukua: abiria akigoma, faini iwe yake. Ila umenikumbusha jingine. Kofia ya pili anunue nani? Kwenye mikataba yetu bosi anahesabu siku zake za kulipwa, kofia haitajwi. Nataka iandikwe kuwa ni ya mwenye chombo, kama tairi na bima. Na bima yenyewe tuliyo nayo, ile ndogo, inamlipa niliyemgonga. Nikianguka mwenyewe nikavunjika mguu, hainipi chochote. Hilo nalo linaingia kwenye karatasi.

Dada wa Mikindani, kikofia cha ndani na mishikaki nimeviandika hivyo hivyo ulivyosema.

Mstari uliofutwa nimeurudisha kwa kalamu nyekundu. Tunakaa Ijumaa baada ya swala. Wa Masasi, niandikie hapa unapeleka hesabu kiasi gani kwa siku na kofia nzima inauzwa bei gani huko kwenu. Nataka mbunge azione hizo namba mbili zikiwa pamoja.