Kafyu iliisha, usingizi wa mume wangu haujarudi. Naomba ushauri

Wadau, hamjambo. Niko Nairobi. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, watu kuwa ndani saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mume wangu, dereva wa matatu, alibaki na simu na habari za korona tu. Akawa analala usiku wa manane na kuamka jua limeshawaka. Na ndoto zake, jamani! Wadudu ukutani, abiria wasio na nyuso. Mama mkwe akasema ni uchawi. Mimi nilisoma kwamba Deirdre Barrett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, alikusanya ndoto za watu wengi mwaka ule, na wadudu walijaa humo.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Siku hizi anaendesha zamu ya mchana, lakini bado hukesha, akipata usingizi anashtuka akipiga kelele. Vidonge vya usingizi sivitaki, ataendeshaje gari na kichwa kizito?

Kuna aliyepitia haya? Mlianza kurekebisha saa ya kulala au ya kuamka? Na kwa ndoto za namna hii, tumwone daktari gani?