Mabakuli yangu yanapata nyufa kwenye glezi (ule mpako wa juu unaong'aa) yakishatoka tanurini. Wakuu nisaidieni, oda ni Ijumaa

Mtu wa Udongo
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mfinyanzi, nipo huku Kisarawe. Mwaka wa pili sasa tangu niache vyungu vya maua nianze vyombo vya mezani. Nimepata oda ya mabakuli 200 ya supu, 4,500 kila moja. Nusu ya hela nimeshapokea na imeshaishia kwenye matofali ya tanuri.

Shida iko hivi. Yakitoka yanang'aa mno, unajiona sura. Nikishayapanga mezani yanaanza kulia: ti... ti... ti. Kila mlio ni ufa mwembamba kama unywele ndani ya ule mng'aro. Udongo haupasuki, ni glezi tu. Jana usiku wa manane bado yanalia, mke wangu akadhani ni panya. Nachoma mara mbili, kwanza udongo mtupu, halafu na glezi.

Tatizo nini? Na mteja nimwambieje, kwamba ni pambo? Ushauri tu, matusi hapana.

Mzee wa Fensi
Kijana hongera, 900,000 kwa mabakuli si mchezo. Swali langu: jina la biashara umesajili BRELA? TBS, wale wa viwango, wanakujua? Mimi nilianza na tofali za kuchoma hivyohivyo kienyeji, siku moja lori zima likarudishwa. Nikipata muda nitasimulia.

Bibi_wa_Ziwa
Mwanangu, kwetu Ziwa Nyasa hiyo glezi hatuijui na vyungu vinapikiwa miaka. Mama yangu Mkisi, chungu alikuwa anakisugua kwa kokoto ya ziwani mpaka kinateleza kama ngozi ya mtoto, tunapaka udongo mwekundu, tunachoma nje kwa majani na kuni. Jumamosi vinapakiwa kwenye mtumbwi kwenda gulioni. Ile kokoto alirithi kwa mama yake, ilikuwa imeliwa upande mmoja kama sabuni. Alipofariki tukaitafuta nyumba nzima, kumbe shangazi alishaondoka nayo. Mpaka leo hatusalimiani vizuri.

Dokta Kigae
Pole kwa kokoto, mama. Mtoa mada, nyufa hizo maana yake glezi inasinyaa kuliko udongo wakati vyote vinapoa. Ni kama shati lililoruka maji likambana mwenye nalo, mwisho linaachia mishono. Kufungua tanuri likiwa la moto kunazidisha. Dawa ya kawaida ni kuongeza silika (unga wa mchanga mweupe) kwenye glezi, maana silika ndiyo haitanuki sana, na kuacha tanuri lipoe lenyewe mpaka unaweza kushika bakuli kwa mkono mtupu. Pia kama udongo haujaiva unanyonya maji na kuvimba taratibu, nyufa zinakuja hata baada ya miezi.

Lakini siwezi kusema zaidi bila kujua mawili: tanuri linafika nyuzi ngapi, na kwenye glezi umeweka nini?

Mtu wa Udongo
Asante Dokta. Tanuri ni la kuni, naangalia rangi kwenye tundu, likifika rangi ya chungwa naacha. Kama 1000 hivi. Kufungua ni kweli nafungua usiku uleule, haraka ya oda. Glezi ni ya kawaida tu, kuna fundi alinielekeza. Halafu nasikia Wachina nyufa hizi walikuwa wanazitafuta makusudi?

Dokta Kigae
Walizitafuta, kwenye vyombo vya kutazama. Wewe unauzia watu supu, mafuta yataingia kwenye nyufa na baada ya mwezi bakuli litanuka.

"Ya kawaida" ndiyo nini? Feldispa (jiwe la kusaga) na kaolini (udongo mweupe) ya Pugu haziyeyuki kwa nyuzi 1000, zinataka 1200 na kuendelea. Kama glezi yako inakuwa kioo kwenye moto wa kuni rangi ya chungwa, basi kuna kitu kinaiyeyusha. Mara nyingi ni boroni au ni risasi. Ipi?

Kidume cha Mbagala
RISASI??? Kwani mteja kakukosea nini mkuu 😂

Mtu wa Udongo
Boraksi, ile chumvi ya boroni, nilijaribu mwanzoni ikanisumbua. Inayeyuka kwenye maji, inanyonywa na bakuli, ikikauka inatoka ukoko juu.

Dokta Kigae
Ndiyo maana watu wananunua friti, boroni iliyokwisha kuyeyushwa na silika ikasagwa unga, haiyeyuki tena majini. Hujajibu swali.

Mtu wa Udongo
Sawa. Ni unga wa kijivu wa kwenye sahani za betri za gari. Ukiuchoma unageuka njano. Fundi betri ananiuzia kwa kilo. Lakini jamani msinirukie! Moja, nafua tindikali yote, nasuuza maji matatu. Pili, moto unaua sumu. Tatu, Ulaya walitumia risasi karne na karne. Nne, friti inaagizwa na bei yake imesimama, mimi nina oda ya Ijumaa. Nilichouliza ni nyufa.

Sista Neema
Ndugu yangu, haraka ya pesa ndiyo imetufikisha hapa kama taifa. Mchele una mawe, maziwa yana maji, sasa bakuli lina betri. Mungu anaona.

Dokta Kigae
Moto unaua vijidudu. Risasi ni metali, hauiui, unaitawanya hewani. Ulaya walitumia kweli, na wale wachovyaji wa glezi wa Staffordshire, Uingereza, viganja vilikuwa vinawalegea, mtu hawezi kuunyanyua mkono wake. Leo wanaotumia risasi kiwandani wanapima maabara, wewe unapima kwa kopo.

Na supu inakamuliwa ndimu. Asidi ya ndimu ndiyo inayoichomoa risasi kutoka kwenye glezi dhaifu. Ukwaju na nyanya vilevile. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, ubongo, na akiugua hutajua ni nini. Una watoto hapo bandani?

Mtu wa Udongo
Mmoja, wa miaka 3. Anapenda kukaa na fundi mwenzangu tunaposaga.

Mvita Kwetu
Ndugu yangu, mimi ni wa Mombasa. Hapa kwetu Owino Uhuru palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, kimefungwa 2014 watu washakunywa na kuvuta risasi miaka. 2020 mahakama ikaamua walipwe bilioni 1.3 za Kenya, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu. Bilioni zenyewe hazimrudishii mtu mtoto. Mtoe huyo mwana hapo bandani leo, si kesho, umpeleke akapimwe damu. Na huo unga usiufagie, ufute kwa kitambaa kibichi.

Kidume cha Mbagala
Wazee mbona mmeingia kichwa kichwa? ID imefunguliwa jana. Fundi aliyemwelekeza hana jina wala mtaa. Joto anapima kwa macho. Mke, panya, mtoto wa miaka 3, vyote vimepangwa kama tamthilia. Hii ni chai, leteni maandazi. Huyu ni muuza melamini anatutisha tuache vya udongo.

Mzee wa Fensi
Hata mimi nilianza kuhisi. Matofali ya tanuri kwa 450,000? Tanuri la ukubwa gani hilo?

Bibi_wa_Ziwa
Kama ni chai basi mimi kokoto yangu niliisimulia bure.

Mtu wa Udongo
Chai?? Mimi sijalala siku tatu mtu ananiita muongo. Haya picha hiyo, tazameni nyufa wenyewe.
[picha]

Kidume cha Mbagala
Nimeikuza. Bakuli zuri, nyufa nimeziona, naomba radhi kwa hilo. Ila mkuu, hicho kitambaa cha meza cha maua ni cha bandani kwako? Na hiyo nusu ndimu iliyokamuliwa hapo pembeni? Na huo mduara wa mafuta ndani ya bakuli? Si ulisema oda inatoka Ijumaa?

Dokta Kigae
Mtoa mada?

Dokta Kigae
Upo?

Mtu wa Udongo
Nipo. Ijumaa ni awamu ya mwisho. 60 yapo kazini tangu wiki iliyopita. Mteja ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, anauza makongoro. Hela ile ni ya kikoba chake. Na mimi nakula pale kila asubuhi. Ndiyo maana nilikuwa nauliza nyufa, nilidhani nyufa zikiisha na mengine yataisha.

Dokta Kigae
Leo usiku kata ndimu, ilaze ndani ya bakuli jipya mpaka asubuhi. Isipobadilisha kitu haina maana ni salama, hilo la maabara tu. Ikibadilisha, huhitaji mtu wa kukwambia.

Mtu wa Udongo
Nimeamka saa kumi na moja. Ndimu ilipolala pana duara, mng'aro umekufa, peupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Kwingine kote bado najiona sura.

Nimeenda kwa shemeji kabla hajawasha moto, nimemweleza yote mbele ya wapishi wake. Hajanitukana, amekaa tu kwenye ndoo. Tumehesabu, yapo 57. Mawili yalivunjika. Moja alimpa jirani, lile lenye ua la bluu, anamlishia mtoto uji wa ndimu.

Mvita Kwetu
Sasa wallahi waandika hapa wafanya nini? Mfuate huyo jirani!

Mtu wa Udongo
Nipo kwenye boda.

Fundi Sanifu 77
Habari wakuu, ndiyo nimeona uzi. Mtoa mada hizo nyufa zisikutishe, ongeza silika kidogo na usifungue tanuri mapema, zitaisha. Mabakuli 50 ya hivyo unanipa bei gani?