Mbona India joto kali ni Mei, lakini mvua za monsuni zinasubiri Juni?

DiraYaKaskazi
Wakuu, naomba ufafanuzi wa kina kuhusu India. Maelezo tuliyozoea ya mvua za monsuni ni haya: nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa inapanda, upepo wa baharini unaingia kujaza nafasi, mvua inanyesha. Ila kuna mambo matatu yananikwamisha. Joto la kaskazini mwa India hufikia nyuzi 45 na zaidi mwezi Mei, na bado Mei ni mkavu. Delhi husubiri mpaka mwishoni mwa Juni. Halafu Mumbai hupata takriban milimita 2,200 kwa mwaka, huku Pune, kama kilomita 120 tu kuingia bara, ikipata takriban 700. Na Chennai, mji wa pwani ya kusini-mashariki, mvua zake nyingi ni Oktoba hadi Desemba, wakati wenzake wameshamaliza. Je, hizi ni kanuni tatu tofauti au ni moja?

PepoZaKusi
Kanuni ni moja, mkuu, ila uliyopewa ni nusu yake.

Joto la Mei ni la chini chini. Ardhi ya Rajasthan na jangwa la Thar inachemka, mgandamizo wa hewa unashuka, hewa inapanda kilomita chache kisha inakutana juu na hewa kavu itokayo magharibi. Haina mvuke wa kutosha, kwa hiyo inazaa vumbi na ule upepo wa moto ambao wenyeji huuita *loo*. Mgandamizo mdogo peke yake hauleti mvua. Lazima upate mvuke mwingi na nafasi ya kupanda mpaka juu kabisa.

Mvuke unatoka mbali. Mwezi Juni ni majira ya baridi kusini mwa ikweta, na karibu na visiwa vya Mascarene (Morisi na Réunion), kwenye latitudo 30 hivi kusini, hukaa mgandamizo mkubwa wa hewa. Kutoka hapo upepo unavuma kuelekea kaskazini-magharibi, unafika pwani ya Afrika Mashariki (ndio huu huu tunaouita kusi), unavuka ikweta, na mzunguko wa dunia unaupinda kulia. Basi upepo uliokuwa wa kusini-mashariki unageuka kuwa wa kusini-magharibi. Nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia zinausimamia kama ukuta, hivyo unabanwa ukawa mkondo mwembamba wenye kasi, ulio mkali zaidi kwenye kimo cha kilomita 1 hadi 1.5, ukipita pembeni mwa Somalia kwenda Kerala, kusini-magharibi mwa India. Njiani unakusanya mvuke juu ya Bahari ya Arabia.

Sasa kwa nini si Mei? Kwa sababu ya hali ya huko juu angani. Wakati wa baridi na miezi inayofuata, mkondo mkali wa upepo wa magharibi, kwenye kimo cha kilomita 12 hivi, hupita kusini mwa Himalaya na kuzuia hewa ya kaskazini mwa India isipande vizuri. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni mkondo huo unahamia kaskazini mwa uwanda wa Tibet. Uwanda wenyewe una kimo cha wastani wa mita 4,500 hivi, kwa hiyo jua linapasha hewa ya katikati ya anga moja kwa moja. Tofauti ya joto kati ya bara na bahari haibaki tena chini chini, inafika juu. Hapo ukanda wa makutano ya pepo unapanda mpaka bonde la Ganga, karibu latitudo 25, na mvua inaufuata.

Tarehe za wastani za Idara ya Hali ya Hewa ya India: Kerala 1 Juni, Mumbai 11 Juni, Delhi 27 Juni, nchi nzima 8 Julai. Mawingu na udongo uliolowa ndivyo vinavyopunguza joto la Julai. Usichukulie Mei kuwa na joto kuliko Julai kama hoja dhidi ya monsuni. Ni matokeo yake.

MistariYaKontua
Mimi niongezee la Mumbai na Pune, maana hapo unaweza kupiga hesabu mwenyewe.

Chukua hewa ya pwani yenye nyuzi 28, ambayo mvuke wake huanza kugeuka matone ya maji ikipozwa hadi nyuzi 25. Tofauti ni nyuzi 3. Kila nyuzi 1 ya tofauti ni kama mita 125 za kupanda, kwa hiyo wingu linaanza kwenye mita 375 hivi. Safu ya milima ya Ghats Magharibi, iliyo kati ya Mumbai na Pune, ina vimo vya mita 1,000 na zaidi, tena imekaa karibu kuukingama upepo. Hewa haina njia ya pembeni, inapanda na kumwaga maji upande wa bahari. Ikishuka upande wa Pune inapata joto la karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita, mawingu yanakauka.

Kosa la kawaida ni kudhani mlima wowote unaleta mvua. La msingi ni mlima umeuelekeaje upepo. Milima ya Aravalli iko Rajasthan, lakini imelala karibu sambamba na upepo wa Bahari ya Arabia, kwa hiyo upepo unapita kandokando na nchi inabaki kavu. Kinyume chake ni vilima vya Khasi huko Meghalaya: upepo wa Ghuba ya Bengal unaingia kwenye mabonde yaliyojibana na kupandishwa ghafla. Ndipo ilipo Mawsynram, takriban milimita 11,870 kwa mwaka, na jirani yake Cherrapunji iliyopimwa milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861.

Himalaya nayo inafanya kazi mbili: inazuia hewa baridi na kavu ya Asia ya kati isiteremke, na inarudisha mvua kwenye bonde la Ganga.

KipimaMvua
Angalizo kuhusu hiyo 1 Juni. Mvua ya kwanza si monsuni. Kerala na Karnataka hupata manyunyu ya Aprili na Mei yanayoitwa mvua za maembe, na Bengal hupata dhoruba za jioni zinazoitwa *kalbaishakhi*. Zinatokana na joto la mahali hapo, zinakatika. Mkulima akipanda kwa mvua hizo, mbegu inaota kisha inanyauka kabla monsuni yenyewe haijafika.

Ndiyo maana Idara kutangaza kwamba monsuni imefika Kerala kuna masharti. Baada ya 10 Mei, angalau asilimia 60 ya vituo 14 vilivyoteuliwa vipate milimita 2.5 au zaidi kwa siku mbili mfululizo. Pepo za magharibi ziwe nene kwenda juu na zenye kasi ya noti 15 hadi 20 (kama kilomita 28 hadi 37 kwa saa) kwenye kimo cha mita 750 hivi. Na vipimo vya satelaiti vithibitishe mawingu mazito. Sharti la mvua likitimia bila ya upepo, haitangazwi.

DiraYaKaskazi
Asanteni sana, limeeleweka. Bado Chennai. Na je, El Niño (lile joto la ziada la maji ya Pasifiki) inaingia wapi?

PepoZaKusi
Chennai iko kwenye kivuli cha mvua cha Ghats, yaani upande mkavu wa milima, wakati wa kusi, na pwani yake iko karibu sambamba na upepo wa Ghuba ya Bengal. Monsuni huanza kuondoka kaskazini-magharibi mwa Rajasthan kama 17 Septemba na kumaliza kama 15 Oktoba. Upepo unageuka, unavuma kutoka kaskazini-mashariki. Kwa sehemu kubwa ya India ni mkavu kwa kuwa unatoka bara, lakini unaoelekea Tamil Nadu, jimbo la Chennai, umepita kwanza juu ya Ghuba ya Bengal yenye joto. Ni monsuni ile ile, imegeuza uso. Neno monsuni lenyewe linatokana na mawsim la Kiarabu, ndilo lililotupa pia "msimu".

El Niño hupunguza nguvu ya kupanda kwa hewa juu ya Asia Kusini, kwa hiyo huongeza uwezekano wa upungufu: 2009 mvua za Juni hadi Septemba zilipungua kwa asilimia 22 dhidi ya wastani. Lakini 1997 El Niño ilikuwa kali mno na India ikapata karibu asilimia 102, kwa sababu magharibi mwa Bahari ya Hindi palikuwa na joto kuliko mashariki. Anayetabiri kwa kutazama Pasifiki pekee atakosea.

KipimaMvua
Na jumla ya msimu isikudanganye. Wastani wa nchi ni sentimita 87 kwa miezi minne, ila katikati kuna vipindi ukanda wa makutano unahamia kwenye vilima vya chini vya Himalaya: tambarare zinakauka wiki nzima au mbili, huku mito ya Assam na Bihar ikifurika. Angalia ramani ya mgandamizo ya kila siku, mstari wa mgandamizo mdogo kutoka Rajasthan hadi Ghuba ya Bengal. Ukiuona umesogea kaskazini hadi milimani, mvua ya katikati ya nchi imekatika.