Tupeane uzoefu: mafunzo kwa vitendo katika uhandisi ujenzi, Nyanda za Juu Kusini

Ndugu wadau, salaam. Vijana waliosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) wakiuliza kuhusu shahada ya uhandisi ujenzi, wengi wetu huwajibu kwa kuwatajia ugumu wa hisabati. Ni ngumu kweli, lakini naamini mhandisi huiva zaidi kwenye mafunzo kwa vitendo, hivyo naomba kila mmoja aeleze alichojifunza huko.

Nikiwa mwanafunzi hapa Mbeya nilipangiwa mradi wa barabara upande wa Tukuyu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Darasani tulifundishwa kwamba udongo hushikamana vizuri ukiwa na kiwango maalumu cha unyevu, na kwamba maji yakizidi hapo, kushindilia hakusaidii hata mtambo ukipita mara nyingi. Kule niliona tabaka lililokwisha kushindiliwa likibonyea na kuinuka gurudumu la lori linapopita, na msimamizi akaamuru lifumuliwe na kuanikwa upya. Alitufundisha pia kufunga sampuli kwenye mifuko ya plastiki mara tu zinapochimbwa, kwa sababu udongo uliotokana na majivu ya volkano ukikaushwa kabisa kabla ya kupimwa hubadilika tabia, na hata ukiuloweka tena haurudi kama ulivyokuwa. Somo la mekanika ya udongo nililielewa pale.

Mdau wa Iringa: Nakuunga mkono, ndugu yangu. Mimi nilikuwa kwenye jengo la ghorofa Iringa mjini, na kazi yangu ilikuwa kupima ulaini wa zege kabla halijamwagwa. Koni ya milimita 300 hujazwa kwa matabaka 3, kila tabaka huchomwa mara 25 kwa fimbo ya chuma, kisha koni huinuliwa taratibu na kuangalia zege limeshuka kiasi gani. Fundi mkuu, mzee wa kuheshimika, alitaka tuongeze maji kwa kuwa zege lilikuwa zito kupandisha juu. Nilimwamkia kwanza, ndipo nikamweleza kwamba maji yakizidi uwiano wake na saruji, zege hukauka likiwa na vitundu na nguvu hupungua. Alikubali tuchanganye upya kwa vipimo vilivyoandikwa. Wanaoanza wajifunze mapema namna ya kuzungumza na mafundi, kwani chuoni hakuna mtihani wa jambo hilo.

Mdau wa Mbeya: Kwa wanaomaliza mwaka huu, jazeni kitabu cha kumbukumbu za kazi kila jioni, mkichora na michoro ya mlichokiona, badala ya kungoja wiki ya mwisho. Utaratibu huo utawafaa mkiingia kwenye mpango wa mafunzo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambako mhitimu huandika ripoti za kazi chini ya mhandisi anayemsimamia kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Kama kuna aliyefanyia mafunzo kwenye miradi ya maji au madaraja huku kwetu, tunamsubiri.