Mrejesho: kerezo la kutengenezea mabakuli

Wakuu, niliuliza hapa nichukue kerezo gani (mashine inayozungusha mti ili uchongwe) la mabakuli kwa bajeti ndogo: jipya jepesi au kuukuu zito. Wengi mlisema zito, nikafuata. Asanteni sana.

Nimepata la mtumba, kitanda chake (reli za chini zinazobeba mashine) ni chuma cha kusubu, inchi 6 toka katikati ya spindo (mhimili unaozungusha mti) hadi kitandani, kwa hiyo bakuli la kipenyo cha inchi 10 linazunguka bila shida. Aliyeniambia nizungushe spindo kwa mkono nikisikiliza beringi kabla ya kulipa, Mungu akubariki. La kwanza nililoonyeshwa lilikuwa linakwaruza, nikaliacha.

Mtikisiko ndio haujaisha. Mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini imeupunguza, lakini kasi ya chini kabisa ni mizunguko 500 kwa dakika, na kipande kizito kisicho na mizani bado kinalitingisha. Kinachosaidia zaidi ni kukata pembe zote kwa msumeno kwanza, kipande kikaribie duara.

Chaki ya taya nne (kifaa cha kubana mti kwenye spindo) nilinunua baada ya kupima nyuzi za spindo (mikato ya skrubu inakofungwa chaki), kama mlivyosisitiza. Imekaa barabara.